Umuganda Ndani ya Kompyuta

Asubuhi za Gatsata, mtaa wa Kigali, huanza na ukungu. Hujaa bondeni kule Nyabugogo mpaka stendi ya mabasi isionekane tena, zikabaki sauti tu: honi, injini zinazonguruma, mtu anayeita abiria wa Musanze. Mukunde alipenda kusimama mlangoni kwao, mswaki mdomoni, akiusikiliza mji asiouona. Msichana huyu alikuwa wa kuota mchana kweupe. Ukimtuma chumvi analeta kiberiti, na ukimuuliza, anakuambia alikuwa anafikiria jambo.

"Mukunde, chai inapoa," mama yake aliita kutoka ndani.

"Nakuja, Mama. Natazama tu."

"Unatazama nini, na hakuna kinachoonekana?"

"Ndicho hicho ninachotazama."

Mama alicheka peke yake jikoni. Alikuwa amelelewa Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana nyumbani kwao walizungumza Kiswahili. Barabarani alikuwa na kibanda cha kuuza vipuri vya magari, na huko hakuna nafasi ya kuota. Lakini alimwacha mtoto aote, mradi asichelewe shule.

Shuleni, Mukunde alikuwa darasa la sita, na mahali alipopapenda kuliko pote palikuwa chumba cha kompyuta. Kilikuwa chumba kirefu chenye mapazia ya bluu, na mapazia yakifungwa kila kitu kinakuwa rangi ya bluu: meza, mikono, nyuso za watoto. Kompyuta zenyewe zilikuwa za mezani, tena za zamani, zinazochukua muda kuwaka kama mzee anayeamka. Iliyokuwa nzima kuliko zote ilikaa dirishani. Hiyo ndiyo iliyokuwa na spika na kipaza sauti, kwa hiyo kila mwenye kazi ya maana aliiweka humo.

Aliyewafundisha ni Mwalimu Gaudiose, mwanamke mrefu wa maneno ya polepole, ambaye miwani yake haikukubali kukaa mahali pamoja.

"Kompyuta ni nini?" aliuliza siku moja, akiisukuma miwani juu.

"Ni hii yenye skrini na kibodi," alijibu Kamikazi, msichana rafiki yake Mukunde, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza.

"Na simu janja ya baba yako?"

Kamikazi akafikiri. "Ile ni simu, Mwalimu."

"Ni kompyuta. Ndogo, lakini ni kompyuta. Laptopu ni kompyuta, tableti ni kompyuta, hata ile mashine ya benki inayotoa noti ukutani. Kifaa kikipokea habari, kikazifanyia kazi kwa kufuata maagizo, kikazihifadhi na kukupa jibu, basi hicho ni kompyuta. Sasa niambieni, hii ya dirishani inapokea habari kwa njia gani?"

"Kibodi," walisema. "Kipanya." "Kipaza sauti."

"Na jibu inalitoa wapi?"

"Kwenye skrini. Na spika. Na printa, ikiwa na wino."

"Ikiwa na wino," Mwalimu alikubali, na darasa likacheka, kwa sababu printa yao ilikosa wino tangu siku nyingi. "Na vitu vyetu vinakaa wapi ikizimwa?"

"Kwenye diski."

Mukunde aliinua mkono. Macho yake yalikuwa bado kwenye mapazia. "Mwalimu, ikizimwa, inaota?"

Watoto waliangua kicheko, lakini Mwalimu Gaudiose hakucheka. Lilikuwa swali la Mukunde, na maswali ya Mukunde alikuwa ameyazoea. "Haioti," alisema. "Inatunza tu kile ulichoipa. Haijui kizuri wala kibaya, haijui cha nani. Mtumiaji ndiye anayejua. Na mtumiaji ni mtu: wewe, mimi, karani wa ofisini, daktari, mtoto anayecheza mchezo. Kompyuta haimtambui mtumiaji kwa sura, inamtambua kwa jina na nywila anayoingilia."

Maneno hayo yalikuwa sawa kabisa. Kasoro ni kwamba darasa lenyewe halikuyafuata. Zamani kila mtoto alikuwa na jina lake na nywila yake, wakawa wanazisahau kila wiki, mpaka Mwalimu akachoka akawafungulia jina moja la wote. Tangu hapo darasa zima liliingia kwa mlango mmoja, na vitu vya kila mtu vikalala pamoja kwenye skrini ile ya dirishani.

Humo ndimo Kamikazi alimohifadhi sauti ya babu yake.

Babu huyo, Mzee Nsengiyumva, aliishi Ndera, na alikuwa mtu wa kusifu ng'ombe. Kwa desturi yetu, mahari ikitolewa, ng'ombe wakaletwa, hutokea mtu akawasifu mmoja mmoja kwa majina yao, kwa maneno marefu yaliyopangwa kama shanga. Mzee Nsengiyumva aliitwa kwenye harusi za Ndera nzima. Mwalimu alipowatuma watoto warekodi sauti ya mtu wa nyumbani kwao, Kamikazi alimrekodi babu kwa simu ya mjomba wake, mara tatu, akazihamishia rekodi hizo kwenye kompyuta ya shule. Baadaye simu ya mjomba ikaangukia kwenye ndoo ya kufulia, haikuwaka tena. Kisha babu mwenyewe akapatwa na kiharusi. Akapona miguu, lakini ulimi ukabaki mzito, na maneno hayakumtoka.

"Dada anatolewa mahari Jumamosi ile nyingine," Kamikazi alimwambia Mukunde wakiwa wanarudi nyumbani. "Babu alimwahidi tangu akiwa mdogo kwamba ng'ombe wake atawasifu yeye. Sasa tutaiweka ile rekodi kwenye spika. Mama amelia nilipomwambia bado ipo shuleni, jamani. Hata mimi nililia."

Mukunde alikuwa akitazama mawingu juu ya mlima Jali, akili zimehama. Alisikia neno "dada" na neno "spika", mengine yakampita.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikafika. Kesho yake ilikuwa umuganda, siku ambayo kila mtaa wa nchi hii hutoka kufagia, kuzibua mifereji na kufyeka majani. Shule nayo ilifanya umuganda wake siku moja kabla. Wengine walipewa uwanja, wengine vyoo. Mukunde alipewa chumba cha kompyuta.

Alifuta vumbi kwenye skrini kwa kitambaa kikavu. Aligeuza kibodi na kuzipiga mgongoni, makombo ya biskuti yakadondoka. Mapazia yalikuwa yamefungwa na chumba kilikuwa kimya na cha bluu, na Mukunde akajiona kama anatembea chini ya ziwa. Alipofika dirishani akagusa kipanya kwa bahati, skrini ikawaka.

Ilikuwa imejaa takataka. Ndivyo alivyoiona. Faili za kila aina, nyingine hazina jina, michoro isiyokwisha, barua za mazoezi, folda juu ya folda. Mukunde alizaliwa Kigali. Tangu akinyonya ameona mji unafagiwa, na hajawahi kuona mfuko umetupwa barabarani ukalala hapo. Akakaa. Akaanza kufagia. Alichokijua ni chake au cha rafiki yake alikiacha. Asichokijua alikitupa kwenye pipa la taka la kompyuta. Akaona folda imeandikwa "inka", yaani ng'ombe. Somo la mifugo la mwaka jana hilo, akajisemea, na likaenda. Mwisho akaona aibu kuacha pipa limejaa, akalimwaga nalo pia. Skrini ikabaki safi kama barabara baada ya mvua. Alitoka pale akiwa na furaha kweli.

Jumatatu, Kamikazi alikaa dirishani akiwa na flashi aliyopewa na mama yake ili achukue rekodi. Alitafuta. Akatafuta tena. Kisha akageuka taratibu.

"Mwalimu, folda yangu ya inka haipo."

Ndipo Mukunde akajua. Mwalimu Gaudiose alitazama skrini, akafungua pipa la taka, akalikuta tupu.

"Kuna mtu amefuta vitu humu," alisema. "Nani?"

Mukunde alifungua mdomo. Watoto wote walikuwa wamegeuka, na Kamikazi alikuwa ameanza kulia, naye Mukunde akaufunga mdomo tena. Si kwamba alipanga kudanganya. Alinyamaza tu, na kila alivyozidi kunyamaza, kusema kulizidi kuwa kugumu. Kengele ikalia.

"Nitaangalia vizuri kesho," Mwalimu alimwambia Kamikazi. "Huenda imehamishwa tu. Usilie."

Baada yao liliingia darasa la tano. Mukunde, akiwa uwanjani, aliwasikia wakirekodi nyimbo zao kwenye kompyuta ile ya dirishani, wimbo baada ya wimbo, wakicheka. Hakujua kwa nini sauti zile zilimtia hofu.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mukunde alisimama mlangoni na mswaki wake, na bila kulala wala kusinzia akaona ng'ombe wakitoka ndani ya weupe ule. Walikuwa na pembe ndefu, ndefu mno, wakipanda kilima polepole bila kishindo. Walisimama mbele yake mmoja mmoja, wakamtazama, wakisubiri kuitwa. Yeye hakujua jina la hata mmoja. Wakageuka, wakarudi walikotoka, na ukungu ukawafunika.

Mama alimkuta analia na povu la dawa ya meno kidevuni.

"Umeona nini leo?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani, mwanangu?"

"Wa babu yake Kamikazi. Nimewafuta mimi, Mama." Akamweleza yote, kuanzia kitambaa cha vumbi hadi kengele.

Mama alimfuta kidevu kwa pembe ya kanga. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini alizungumza taratibu. "Kusafisha si kosa. Umesafisha chumba chenye vitu vya watu bila kuwauliza wenyewe, hilo ni kosa. Na la jana ni kubwa zaidi, maana uliulizwa ukanyamaza. Vaa viatu. Chai utakunywa jioni. Mwalimu ayasikie haya kutoka kinywani mwako kabla kompyuta haijawashwa."

"Ataniuliza kwa nini sikusema jana."

"Atakuuliza. Na utamjibu."

Mwalimu Gaudiose alikuwa ndiyo kwanza anafungua mapazia. Mukunde alisema yote akiwa amesimama, akitazama viatu vyake. Alitarajia kugombezwa. Badala yake Mwalimu aliinama haraka, akachomoa waya wa ile kompyuta ukutani.

"Jana darasa la tano waliitumia," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Kaa, Mukunde. Sikiliza, maana hili hukulijua, na mimi nilikuwa sijawafundisha. Faili ikifutwa haiondoki palepale. Kompyuta inaweka alama tu kwamba nafasi ile iko wazi. Vitu vyenyewe bado vimelala pale kwenye diski, havionekani, mpaka mtu mwingine ahifadhi kitu chake juu yake. Hapo ndipo vinapotea kweli."

Mukunde alielewa. "Zile nyimbo za jana."

"Zile nyimbo za jana. Kama ungesema jana nilipouliza, wasingeigusa."

Hakuna adhabu ambayo ingemuuma kuliko sentensi hiyo.

Kamikazi alipofika, Mukunde alimwambia mwenyewe, hakumwachia Mwalimu. Kamikazi alimsikiliza hadi mwisho.

"Jana ulikaa karibu yangu," alisema. "Nilikuwa nalia, na ulikaa karibu yangu." Akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Siku ile, masomo yalipokwisha, mvua ilianza. Mwalimu Gaudiose aliifungua ile kompyuta kwa bisibisi, akatoa diski yake, kibati kizito, kidogo kuliko daftari, akaiunganisha na laptopu yake mwenyewe. Ndani ya laptopu alikuwa na programu inayopekua diski na kuokota faili zilizofutwa. Kamikazi alikaa upande mmoja wa meza, Mukunde upande mwingine. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini polepole sana, na nje mvua ilipiga bati, na Mukunde akahisi kama wote watatu wamo ndani ya diski ile, wanatembea gizani na kurunzi wakiita watu.

Majina yakaanza kutokea. Barua za mazoezi. Mchoro wa twiga. Kisha rekodi moja.

Mwalimu akaifungua. Sauti ya Mzee Nsengiyumva ikajaa chumbani, nzito na ya haraka, ikimsifu ng'ombe aitwaye Gaju, namna anavyotembea na namna anavyoifanya nyasi iiname. Kamikazi alifunika uso kwa mikono. Rekodi ya pili nayo ilikuwa nzima, ya Bihogo. Ya tatu ilianza vizuri, ikaenda, na pale mzee alipokuwa anakaribia kulitaja jina la ng'ombe wa mwisho, ikakatika. Badala yake kikasikika kipande cha wimbo wa darasa la tano, halafu kimya.

"Imekaliwa," alisema Mwalimu. "Hapo siwezi kitu."

"Ni jina tu," Mukunde alinong'ona. "Kamikazi, unalijua? Ungelisema wewe."

"Silijui. Alilitunga kwa ajili ya Dada. Hakumwambia mtu; ya tatu alirekodi peke yake baada ya kunitoa nje, akanikataza kuisikiliza, ili Dada alisikie kwanza siku hiyo." Kamikazi aliitazama laptopu. "Lakini nimemsikia babu. Tangu jana nilijua sitamsikia tena." Hakurudi dawati la mbele siku hiyo, wala kesho yake. Ila alipoondoka alimwambia Mukunde, "Jumamosi uje. Umwambie babu mwenyewe."

Kabla ya Jumamosi Mwalimu Gaudiose alifanya kazi yake nyingine. Aliweka rekodi zile kwenye flashi ya Kamikazi na kwenye laptopu yake. Kisha akasimama mbele ya darasa, akasema kwamba kosa moja ni lake: aliwafungulia mlango mmoja kwa sababu ya uvivu wa kukumbushana nywila. Kila mtoto akapewa tena jina lake na nywila yake, na mahali pake ambapo mwingine hawezi kufuta.

Jumamosi walipanda basi hadi Ndera, Mukunde, mama yake na Mwalimu. Mashamba ya mahindi yalikuwa yameiva, na katikati yake nyumba mpya zilichomoza mabati mekundu. Mzee Nsengiyumva alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mito, fimbo mapajani, amevaa kitambaa cheupe kilichofungwa begani.

Mukunde alipiga magoti mbele yake. "Babu, shikamoo. Mimi ndiye niliyefuta sauti yako. Mwalimu ameiokoa, lakini jina la mwisho limepotea. Nilinyamaza siku nzima, ndiyo maana limepotea. Naomba unisamehe."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Midomo ilicheza, hakikutoka kitu. Mwishowe aliweka mkono wake kichwani kwa Mukunde, ukakaa pale, mzito na wa joto.

Ng'ombe walipokwisha kupokelewa, watu walinyamaza na spika ikawashwa. Sauti ikatoka. Wazee waliijua mara moja. Wengine waliinua mikono juu kama pembe bila kujitambua, na bibi harusi mtarajiwa akashika shavu. Gaju akasifiwa. Bihogo akasifiwa. Ya tatu ikaanza, ikapanda, ikafika pale. Ikakatika.

Upepo ulisikika kwenye mahindi. Mukunde aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, akatamani ardhi impokee.

Ndipo Mzee Nsengiyumva akaiegemea fimbo yake. Alikuwa ameifuata sauti yake neno kwa neno, midomo ikienda nayo, na sauti ilipokatika midomo haikusimama. Ilihangaika. Shingo ikakaza. Kisha, kwa ulimi mzito, akalitoa.

"Sine."

Lilikuwa jina moja, fupi, lililopindapinda. Dada yake Kamikazi aliinuka akaenda kumpigia magoti, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Kamikazi alimtafuta Mukunde kwa macho katika umati ule, akamkuta, akaja akasimama ubavuni kwake.

Mwalimu Gaudiose alikuwa ameinua simu yake juu tangu mwanzo, akirekodi. Aliishusha, akasukuma miwani, akawainamia wasichana wake wawili.

"Mashine itawatunzia mnachoipa, na itakifuta mkiiambia," alisema. "Haiwezi kuona haya, wala haiwezi kuwahi kusema kweli. Hayo ni ya mtumiaji. Ukikosea, Mukunde, sema palepale, wakati kitu bado kinaweza kuokolewa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, mwenye flashi yuko wapi? Jina hili tulihifadhi kabla hatujala."